Mark Rothko: maswali ambayo watu hawaachi kuuliza

Kila nikimwonyesha mtu picha ya Rothko kwenye simu najua kabisa swali litakalofuata, na la pili, na la tatu. Nimeyakusanya hapa niache kurudia. Nimeanza na mepesi, magumu yako chini huko, na nikisema "rudi juu" basi rudi kweli, sitaandika kitu kimoja mara mbili.

## Yeye ni nani

Rothko ni nani hasa?

Mchoraji wa Marekani, aliishi 1903 mpaka 1970, kazi yake karibu yote aliifanyia New York. Ndo yule wa turubai kubwa zenye mstatili wa rangi mbili tatu zimepangwa moja juu ya nyingine, kingo zake zimefifia kama moshi, machungwa juu ya nyekundu, nyeusi juu ya damu ya mzee. Kundi lake ni lile la akina Jackson Pollock na Willem de Kooning, waliofanya New York ianze kuisumbua Paris kwenye sanaa baada ya vita vya pili vya dunia. Tofauti ni kwamba Pollock alikuwa anarusha na kumwaga rangi, huyu alikuwa anaipaka polepole alafu anakaa kwenye kiti anaitazama, siku nyingine anaitazama tu bila kugusa brashi.

Ni Mrusi, Mlatvia au Mmarekani?

Yote matatu, inategemea unamuuliza nani. Alizaliwa tarehe 25 Septemba 1903 mji wa Dvinsk, wakati huo ulikuwa chini ya Urusi, leo unaitwa Daugavpils na uko Latvia. Familia ya Kiyahudi, baba yake Jacob alikuwa mfamasia. Enzi zile Wayahudi wa Urusi walikuwa wanaishi roho mkononi, kwa hiyo baba akatangulia Marekani, kaka zake wakafuata, na mwaka 1913 ikawa zamu ya mama, dada na huyu dogo. Wakafikia Portland, jimbo la Oregon. Miezi michache tu baba akafariki. Mtoto wa miaka kumi, Kiingereza hajui, akajikuta anauza magazeti mtaani.

Uraia wa Marekani alipata 1938. Na Daugavpils hawajamsahau, mwaka 2013 walifungua kituo cha sanaa chenye jina lake, kwa hiyo Walatvia nao wanamdai.

Jina lake la kweli ni lipi?

Markus Rothkowitz. Kufikia 1940 hivi akawa anajiita Mark Rothko. Ulikuwa wakati mbaya kuwa na jina la Kiyahudi hata huko Marekani, na wachoraji wengi walikata majina yao hivohivo.

Alisomea uchoraji wapi?

Kusoma kwa maana ya digrii, hapana. Mwaka 1921 alipata nafasi Yale kwa ufadhili, ufadhili ukaisha baada ya mwaka wa kwanza, na 1923 akaondoka bila kumaliza. Chuo kile kilikuwa cha watoto wa wakubwa na Wayahudi walikuwa hawatakiwi sana, hilo halikuwa siri. Alihamia New York, akapita kidogo Art Students League, shule ya sanaa, kwenye darasa la mchoraji Max Weber, mengine kajifunza kwa kukaa na wachoraji wenzake hasa Milton Avery, ambaye ndo alimfundisha kwamba rangi peke yake inaweza kubeba picha nzima. Kichekesho ni kwamba 1969 Yale wakamwita wakampa udaktari wa heshima, miaka 46 baada ya kuondoka.

## Picha zenyewe

Kabla ya hizo boksi alikuwa anachora nini?

Watu! Hili huwashangaza wengi. Miaka ya 1930 alikuwa anachora abiria wa treni za chini ya ardhi, watu wembamba wembamba wamesimama kwenye nguzo, kila mtu na upweke wake. Miaka ya 1940 akahamia kwenye hadithi za kale za Wagiriki na maumbo kama wadudu wa baharini, kuna moja ya 1944 iko Museum of Modern Art New York inaitwa "Slow Swirl at the Edge of the Sea". Kuanzia 1946 maumbo yakaanza kuyeyuka yakawa madoa madoa ya rangi, na 1949 yakatulia kwenye mistatili tunayoijua.

Piga hesabu hapo. Alikuwa na miaka 46. Yaani zaidi ya miaka ishirini ya kuchora kabla hajafika kwenye kile kinachoitwa Rothko, alafu mtu anakwambia alikuwa mvivu.

Mbona hata mtoto wangu anaweza kuchora hivi?

Swali namba moja duniani, na mi siwezi kumcheka anayeuliza maana sisi tumezoea picha yenye tembo na mbuyu, jicho linajua pa kukaa.

Cha ajabu ni kwamba Rothko mwenyewe asingekasirika sana. Kuanzia 1929 mpaka 1952 alikuwa anafundisha watoto uchoraji kwenye shule ya kituo cha Kiyahudi Brooklyn, ndo mshahara uliomlisha, na aliamini watoto wana kitu ambacho wakubwa wanakipoteza. Maonyesho yake ya 1933 kule makumbusho ya Portland alitundika kazi za wanafunzi wake pamoja na za kwake. Sasa we niambie mchoraji gani mwenye majivuno angefanya hivo.

Ila jibu la pili ni la ufundi, na ufundi wake mtoto hauwezi, soma swali linalofuata.

Alikuwa anazichoraje?

Alianza na turubai ambalo halijapakwa ile rangi nyeupe ya kutangulizia. Analipaka gundi ya ngozi ya sungura iliyochanganywa na rangi ya unga, kwa hiyo hata kitambaa chenyewe tayari kina rangi kabla kazi haijaanza. Alafu anakuja na rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini mpaka imekuwa nyepesi kama tui la pili, anapaka tabaka juu ya tabaka juu ya tabaka, nyingine mpaka zinachuruzika na kuacha michirizi. Kwenye baadhi ya kazi alichanganya mayai na utomvu wa miti. Alikuwa hataki watu waone anavyofanya, vipimo hakuandika, na mafundi wa makumbusho wamehangaika miaka mingi na vifaa vya maabara kujua kuna nini mle ndani.

Faida yake ni hii: mwanga unapita kwenye tabaka za juu unagonga za chini unarudi. Ndo maana zinaonekana kama zina taa nyuma. Fananisha na picha za tingatinga, ile rangi ya bati nzito inayong'aa juujuu na haipitishi kitu, uzuri wake uko palepale juu. Rothko uzuri uko ndani, lazima usubiri utoke.

Kwani ni kweli alikataa kuitwa mchoraji wa abstrakti, yaani wa picha zisizoonyesha kitu halisi?

Kweli kabisa. Mwaka 1957 alimwambia mwandishi Selden Rodman kwamba yeye hashughuliki na uhusiano wa rangi wala maumbo, anachotaka ni hisia za msingi za binadamu: msiba, furaha iliyopitiliza, maangamizi. Na kwamba wanaolia mbele ya picha zake wanapata kilekile alichopata yeye akizichora, na anayeguswa na mpangilio wa rangi tu basi hajaelewa.

Mi hapa naona alikuwa anazidisha kidogo, maana mtu aliyetumia masaa mangapi kuchagua wekundu upi ukae pembeni ya wekundu upi hawezi kusema rangi si ishu. Ila namwelewa alichokuwa anakiogopa. Aliogopa kuwa pambo la kuendana na sofa.

Watu wanalia kweli au ni stori?

Wanalia. Si wote, na usipolia huna kasoro. Mi sikulia. Nilikaa makumbusho ya Tate Modern London kwenye chumba chake labda dakika ishirini na mwanzo nilikuwa naona maruni na nyeusi tu, baadaye zile fremu zilizochorwa zikaanza kama milango iliyofungwa, nikapata hali ya kutaka kutoka nje. Kumbe ndo alivotaka, utaona kwenye swali la mgahawa.

Mbona hazina majina, ni namba tu?

Aliona jina linamjibia mtazamaji kabla hajatazama. Kwa hiyo nyingi ni namba, au orodha ya rangi ambayo mara nyingi wauzaji ndo waliiweka ili wasichanganye. Na namba zenyewe zinajirudia, usishangae kukuta "No. 10" zaidi ya moja.

## Mahali na mwanga

Kwa nini huwa zimetundikwa chini chini na chumba kina giza?

Alitaka hivo, na hapa ndo penye Rothko mwenyewe ukiniuliza mimi. Nusu ya pili ya maisha yake aligombana na watu kuhusu kitu kimoja: picha itazamwe wapi, kwa mwanga gani, umbali gani. Maonyesho yake makubwa ya 1961 ya New York yalipohamia Whitechapel Gallery ya London alituma maelekezo kama fundi mkuu wa jengo. Picha kubwa zikae karibu na sakafu, isizidi kama sentimita 15. Ukuta usiwe mweupe pe, ukorogwe na kahawia na wekundu kidogo, maana ukuta mweupe sana unapigana na picha. Taa zisiwe kali. Na anasimuliwa kwamba umbali aliopenda mtu asimame ni kama sentimita 45, yaani pua karibu inagusa. Lengo uingie ndani yake, usiitazame kama dirisha la duka.

Kwa hiyo ukimwona kwenye simu hujamwona. Sisemi kwa maringo, ni vipimo tu, turubai la mita mbili na nusu limegeuka inchi sita.

Stori ya mgahawa ikoje?

Mwaka 1958 alipata dili la kuchora picha za mgahawa Four Seasons, ndani ya jengo la Seagram pale New York, ghorofa lililosanifiwa na Mies van der Rohe, mgahawa umebuniwa na Philip Johnson. Malipo dola 35,000, enzi hizo hela ndefu. Akakodi ukumbi wa zamani wa mazoezi mtaa wa Bowery, akachora turubai kama 30, zote nzito, maruni, nyekundu iliyokolea, nyeusi. Kichwani alikuwa na ukumbi wa ngazi wa Michelangelo kwenye maktaba ya Laurenziana kule Florence, ambao madirisha yake yamezibwa na mtu anajihisi kafungiwa. Alishamwambia mwandishi mmoja safarini kwamba anataka kuwaharibia hamu ya kula matajiri watakaokaa pale, na neno alilotumia silirudii hapa.

Mwaka 1959 mgahawa ukafunguliwa, akaenda na mkewe Mell kula. Akarudi kajaa hasira, akaona mtu anayelipa bei zile kwa chakula hawezi kutazama picha yake. Akavunja mkataba, akarudisha hela.

Kuna wanaouliza kwani hakujua ni mgahawa? Alijua, bila shaka. Nadhani alifikiri picha zitashinda chumba, alipokaa mezani akaona chumba kitashinda picha.

Picha zikaenda wapi?

Tisa alizitoa zawadi kwa Tate ya London, kwa sharti zikae chumba chao peke yao. Nyingine ziko National Gallery of Art kule Washington na nyingine zilifika Japani. Zile za Tate ziliwasili London tarehe 25 Februari 1970. Ikumbuke tarehe hiyo, inarudi chini.

Ni kweli picha zake za Harvard ziliharibika?

Ndio, na ni kisa kinachouma. Mwaka 1962 alimaliza turubai tano kubwa kwa ajili ya chumba cha chakula juu ya jengo la Holyoke Center pale Harvard. Ndio, chumba cha chakula tena! Chumba kina madirisha makubwa, jua linaingia, mapazia watu wanayaacha wazi wapate kuona mandhari. Rothko alikuwa ametumia rangi moja nyekundu inaitwa Lithol Red isiyovumilia jua kabisa. Picha zikapauka mpaka nyekundu ikawa buluu hafifu, na mwaka 1979 zikatolewa zikafungiwa stoo.

Kurudishia rangi kwa brashi ilikuwa haiwezekani bila kufunika mkono wake, uso wa picha hauna vanishi ya kulinda. Mwaka 2014 wakaja na akili nyingine: projekta inamulika kila sehemu ya turubai na rangi ileile iliyopungua, jicho linaona picha ilivyokuwa ilipotundikwa 1964, turubai halijaguswa. Kila siku saa kumi jioni walikuwa wanazima projekta na watu wanakaa kusubiri kuona picha ikizeeka mbele yao kwa sekunde. Kama ningepewa nafasi moja ya kurudi nyuma kuona maonyesho, ni hayo.

Na lile kanisa la Houston?

Rothko Chapel, Texas. Mwaka 1964 John na Dominique de Menil walimpa kazi ya kujaza kanisa zima, na safari hii jengo lingemfuata yeye. Lina pande nane, picha 14, nyeusi na zambarau iliyokolea, hamna msalaba hamna sanamu. Alijenga kipande cha kanisa ndani ya karakana yake New York, akatundika parachuti chini ya dirisha la paa ili apime mwanga. Na Philip Johnson, yuleyule wa mgahawa, wakagombana kuhusu paa mpaka Johnson akajiondoa, kazi wakamalizia Howard Barnstone na Eugene Aubry.

Lilifunguliwa Februari 1971, mwenyewe ameshakufa mwaka mmoja. Na mwanga ukagoma, jua la Texas si la New York, lilikuwa kali mno wakaweka vizuizi juu vikafanya ndani kuwe giza, paa likarekebishwa tena na tena, na tengenezo kubwa lilikamilika 2020. Waumini wa dini zote wanaingia, na wasio na dini.

## Kifo, hela na mahakama

Alikufaje?

Alijiua, kwenye karakana yake New York, akakutwa asubuhi ya tarehe 25 Februari 1970. Ndio, siku ileile ya picha za Tate. Alikuwa na miaka 66. Mwaka 1968 mshipa mkubwa wa moyo ulimletea matatizo, daktari akamkataza kuchora kitu kinachozidi kama mita moja kwenda juu, kwa hiyo akahamia kwenye karatasi na rangi za akriliki. Alikuwa ametengana na mkewe, anakunywa, anavuta, ana huzuni ya muda mrefu.

Watu hupenda kusema picha nyeusi za mwisho ni barua ya kuaga. Mi nakataa. Picha za kanisa, nyeusi kuliko zote, alizimaliza kabla ya kuugua, na wakati uleule wa mwisho alikuwa anachora pia nyekundu na buluu.

Ile kesi maarufu ilikuwa ya nini?

Mirathi, na wote tunajua mirathi inavyokuwa. Aliacha kazi 798 mikononi mwa wasimamizi watatu, marafiki zake: Bernard Reis, Theodoros Stamos na Morton Levine. Ndani ya miezi wakaiuzia Marlborough Gallery picha 100 kwa dola milioni 1.8, kulipwa kidogokidogo kwa miaka 12 bila riba, na zilizobaki wakaipa iziuze kwa kamisheni ya asilimia 50. Reis alikuwa mtu wa Marlborough huohuo. Umeona mchongo?

Mjane Mell naye alifariki Agosti 1970. Akabaki binti Kate, umri miaka 19, na mdogo wake Christopher wa miaka 6. Mwaka 1971 Kate akaenda mahakamani. Mwaka 1975 jaji akawaondoa wasimamizi, akafuta mikataba, akaamuru fidia na faini zaidi ya dola milioni 9, na 1977 rufaa ikagonga mwamba. Mpaka leo wanasheria wa Marekani wanaisoma kesi hii darasani.

Zinauzwa bei gani?

"White Center" ya 1950 ilipigwa mnada Sotheby's Mei 2007 kwa dola milioni 72.8, muuzaji David Rockefeller. "Orange, Red, Yellow" ya 1961 ilifika milioni 86.9 pale Christie's, Mei 2012. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa watoto mpaka miaka 49, rudi juu.

## Maswali ya pembeni

Kuna Rothko feki?

Zipo. Iliyovuma ni ya Knoedler, galari ya New York iliyokuwepo tangu 1846, waliuza "Rothko" kwa dola milioni 8.3 mwaka 2004 kumbe kachora mhamiaji mmoja wa Kichina kule Queens. Galari ikafungwa 2011. Na hapo mtu atasema si unaona, inaigika! Inaigika kwa macho ya mnunuzi mwenye haraka. Maabara haikusumbuka sana.

Ni kweli mtu alichora juu ya picha yake?

Oktoba 2012, Tate Modern, jamaa aliandika jina lake kwa wino pembeni ya "Black on Maroon", mojawapo ya zile za mgahawa. Akafungwa miaka miwili. Wino ulizama mpaka nyuma ya turubai kwa sababu ya zile tabaka nyepesi, mafundi wakachukua miezi 18, nusu ya muda huo wanatafuta kiyeyushio tu. Mei 2014 ikarudi ukutani.

Naweza kuprinti moja niweke sebuleni?

Unaweza, nani atakuzuia. Ila fuata maelekezo ya mwenyewe: print kubwa uwezavyo, ukuta usiwe mweupe pe, tundika chini karibu na sakafu, na zima hiyo taa ya tyubu. Na isikae ukuta unaotazama meza ya chakula.